Mama Mkwe Nyuma ya Pikapu

Zombe, kupitia duka la Jabiri
19 Januari 1986

Shemeji Mama Mutindi,

Pokea salamu zetu za Zombe, zangu na za mdogo wako Mbula na watoto. Sisi tuna afya ya kutosha kuandika barua, na hilo si haba. Ndengu mwaka huu zimekubali. Tumevuna mpaka magunia yakatuishia, watu wakaanza kuazimana mashuka. Mbinya wetu ameingia darasa la saba na sasa anatusahihisha tukiongea.

Nina neno jingine, na ningependa ulisome ukiwa umekaa. Mama yenu ameanguka. Alikuwa anatoka kisimani na mtungi mgongoni, akateleza kwenye jabali, mguu ukavunjika juu ya goti. Yu hai na maneno yake yote anayo. Kitui walimfunga plasta kutoka pajani mpaka vidoleni, na daktari anataka kuuona mguu huo kila mwezi. Alimwambia Mbula waziwazi: mfupa ukishika vibaya na yeye hajauona, Mama hatatembea tena.

Basi halimwezi. Mguu haukunjiki, na makanga alitaka kumlaza pale watu wanapopita, wamruke kama gunia. Kwa hiyo imebaki pikapu yangu. Wewe unaijua kwa sifa tu, ile niliyoinunua mradi wa maji ulipofungwa, kuku walipokuwa wameshaifanya kwao. Nimeitengeneza kwa vitu vya kuokota. Nimechana tyubu kuukuu za lori nikazisuka juu ya fremu ya mbao, ikawa kitanda kinachonesanesa, kwa hiyo mashimo ya barabara yanaishia kwenye mpira kabla hayajamfikia Mama. Nimepinda nondo kuwa matao na kushonea magunia juu yake kuzuia jua. Halafu nimepitisha kamba kwenye kidirisha cha nyuma mpaka kwenye kengele ya ng'ombe iliyoning'inia juu ya kichwa changu. Mbula hukaa naye nyuma, lakini kamba ameishika Mama mwenyewe na hataki mtu aiguse. Akiumia, anavuta, nami napunguza mwendo.

Usiniulize kwa nini hakai mbele. Mguu ule ungelala juu ya giya, karibu na goti langu. Nthoni unaijua kuliko mimi: mkwe hakai bega kwa bega na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni, sembuse kubanana naye ndani ya kabati la chuma.

Shida ni springi za nyuma. Zimechoka. Nikipakia ndengu kidogo za kutafutia petroli, gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Wewe unauza spea barabara kuu, malori yanakufa mbele ya duka lako. Nitafutie springi.

Ni mimi shemeji yako,
Kiema, Baba Mbinya


Kambu
2 Februari 1986

Baba Mbinya,

Nasalimu nyumba yote, na Mbinya asahihishe barua hii akipenda. Huku kwetu ni jua na moshi wa malori. Mutindi amerudi shuleni. Ndugu za marehemu mume wangu Mutiso bado wanapita dukani, wanasalimia vyuma kwanza halafu mimi.

Uliniambia nikae, sikukaa. Nilisoma nimesimama, na nikabaki nimesimama mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Mama yangu mzazi! Na mimi napata habari hizo wiki kadhaa baadaye, pamoja na habari za kuku na ndengu!

Sasa niseme lililo moyoni, ukasirike ukitaka. Mama anabebwa nyuma, mahali pa mbuzi, chini ya magunia, anavuta kengele ya ng'ombe. Baba Mbinya, sisi ni watu wa kanisa. Hebu nionyeshe mahali Biblia inaposema mgonjwa akae nyuma ili dereva asione haya. Mweke Mama mbele. Fumba macho ukitaka, ila si njiani.

Springi nimepata. Ni za lori lililopinduka karibu na hapa, bado ni ngumu kama moyo wa mtu ninayemjua. Nimempa dereva wa basi la Kibwezi, ataziacha Kitui. Waombe watu wawili wazibebe.

Najua unataka kuuliza nitakuja lini. Usiulize. Nikiweza nitakuja.

Muthoki


Zombe
16 Februari 1986

Shemeji Mama Mutindi,

Salamu zako zilifika zikiwa na miiba, tukazipokea hivyo hivyo. Wote hatujambo. Mvua haijaja lakini mawingu yameanza kufanya mikutano.

Kuhusu Biblia, mimi si mchungaji. Najua tu kwamba wokovu uliingia Zombe ukaikuta nthoni imekaa, na mpaka leo wanakaa nyumba moja. Pengine huko barabara kuu ni tofauti. Mama mwenyewe nilimtumia Mbula amuulize kama angependa kukaa mbele. Alijibu: “Mwambie huyo mtu bado nina akili zangu.” Basi hapo nifanye nini?

Tulienda tarehe sita, tukarudi salama. Daktari ameridhika, mfupa umeanza kushika.

Springi zako zimefika, na asante ni neno dogo. Nimezifunga chini ya zile za zamani. Jamani! Gari sasa limesimama wima, na hata likijazwa mpaka juu haliinami hata kidogo. Sokoni wanalizunguka wakiuliza nimelipeleka Nairobi kwa fundi gani. Pembeni nimeongeza mbao za mukau ili mzigo upande juu. Vikinga matope nimekata kwenye tairi. Chini pia kulikuwa na kijiti kimoja cha chuma, kimeshikana na ekseli ya nyuma, kikawa kinagongagonga tangu niweke springi. Nimekifunga juu kwa waya. Sasa kimya kabisa.

Breki zimekuwa nzito kidogo, zinataka mguu wa nguvu. Lakini gari ni mzee, na mzee hasimami ghafla.

Tarehe sita Machi tunarudi Kitui. Safari hiyo kanisa limeniomba nirudi na saruji ya ukuta mpya, nao watalipia petroli. Nitaipanga chini ya kitanda cha Mama. Hatasumbuka.

Kiema


Kambu
26 Februari 1986

Baba Mbinya,

Leo salamu zisubiri.

Barua yako nimeipata jana. Nilipofika pale pa kijiti nilihisi kitu kibaya, lakini sikujua ni nini. Nikangoja fundi Shee wa hapa jirani arudi kutoka Makindu, nikamsomea. Alilala chini ya pikapu ya mteja wake, ni ya aina kama yako, akaniita nilale pia nione kwa macho yangu. Nimelala chini kwenye grisi na gauni langu la kanisa.

Kijiti hicho ni cha breki. Gari likilemewa, linainama. Likiinama, kijiti kinasukumwa, na hapo ndipo breki za nyuma zinapewa nguvu ya kushika mzigo. Bila mzigo zinapewa kidogo tu, ili magurudumu yasiteleze. Sasa wewe umeweka springi za lori, gari haliinami tena hata ukilijaza mawe. Halafu ukakifunga na waya juu yake! Kiema, gari lako linabeba tani na breki za nyuma zinadhani liko tupu. Unasimama kwa breki za mbele peke yake. Shee anasema kwenye tambarare hutajua. Utajua kwenye mteremko.

Na wewe mteremko unao, ule unaoshuka mtoni ukitoka Kitui. Nimeupita tangu nikiwa msichana.

Toa springi zangu. Toa waya. Usimbebe Mama, usibebe saruji, usibebe hata ndengu. Nakuomba. Springi nilizituma mimi, sitaki ziwe ndizo zilizomuua Mama yangu.

Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Muthoki


SIMU YA MAANDISHI. Kibwezi, 3 Machi 1986
KIEMA, DUKA LA JABIRI, ZOMBE
USIMBEBE MAMA. BREKI ZITAKATAA. TOA WAYA. MUTHOKI


Zombe
11 Machi 1986

Shemeji Mama Mutindi,

Sote tu wazima. Mvua imenyesha na barabara imeharibika, ndiyo maana barua zinachelewa. Kwenda Kitui tulienda. Mama anakusalimu.

Ndengu zilizobaki tumezipaka majivu zisitobolewe.

Kiema


Kambu
20 Machi 1986

Baba Mbinya,

Umeniandikia barua ya majivu.

Nilikuuliza habari za breki, unaniambia barabara imeharibika. Nilikuuliza habari za Mama, unaniambia ananisalimu, maneno ambayo hata aliyekufa anaweza kusemewa. “Kwenda tulienda.” Na kurudi? Mbona kurudi hukuandika? Mbula naye mbona haniandikii? Yeye hukosa kila kitu lakini si maneno.

Sikiliza. Jana basi la Kitui lilisimama hapa, makanga akashuka kununua maji. Nikamuuliza habari za upande wenu. Akaniambia, anacheka: “Mama, huko kuna pikapu ya magunia imelala kwa miiba karibu na mto. Watu wanaenda kuiangalia kama sinema.” Nikamuuliza walioumia. Akasema yeye aliiona tu kutoka dirishani.

Kwa hiyo najua gari liko wapi. Nataka kujua Mama yangu yuko wapi. Kama mmemzika, niandikie kwamba mmemzika. Mimi nimemzika mume, najua kusoma habari kama hizo. Kitu nisichokiweza ni hiki cha kukaa dukani, kila gari likisimama natoka mlangoni. Nimempa mteja mkanda wa feni badala ya betri, akanitazama.

Usiniandikie habari za mvua.

Muthoki


Zombe
31 Machi 1986

Dada Muthoki,

Nisamehe nikikuita hivyo leo. Salamu za Pasaka. Mama yu hai. Ameketi hapo nje, anamgombeza Mbula kuhusu uji. Mfupa wake haukusogea. Mbula alivunjika mkono, umefungwa, unapona, ndiyo sababu hakukuandikia. Nilimwambia Mbinya asiandike pia. Nilitaka kuandika mwenyewe, na kila nikishika kalamu nilikuwa naona haya.

Barua yako ya Februari na ile simu zilifika dukani kwa Jabiri pamoja, ndani ya mfuko wa posta. Mfuko ulifika Ijumaa. Sisi tulisafiri Alhamisi.

Kwenda hakukuwa na shida, ni kupanda, na gari lilikuwa jepesi. Daktari alifurahi. Kurudi nilipakia saruji ya kanisa, nikaongeza na mabati ya jirani, kwa sababu gari lilikuwa haliinami nami nilikuwa na kiburi. Pale juu ya mteremko nilikanyaga breki, zikashika. Nikakanyaga tena, zikanuka. Mara ya tatu mguu ulizama mpaka chini kama nimekanyaga ugali. Nikaingiza giya ndogo, ikakataa. Kengele ilikuwa inalia juu ya kichwa changu bila kukoma, na mimi sikuwa na la kufanya. Hapo nilielewa kwamba nimemuua mama wa mke wangu na mke wangu pamoja, mimi peke yangu, kwa mikono yangu na waya wangu.

Chini kulikuwa na mto umeshajaa. Nikaona kichaka cha miiba upande wa kushoto, juu ya mchanga uliosombwa na mvua. Nikaelekeza hapo. Gari likazama kwenye mchanga, likainama polepole, likalala ubavu. Saruji ilimwagika nje. Kitanda cha tyubu hakikukatika, Mama alikuwa bado ameshikwa ndani yake. Mbula alikuwa amerushwa nje, mkono umening'inia.

Petroli ilianza kuvuja, nikaisikia harufu. Barabara ilikuwa tupu. Mbula hawezi kumwinua mtu. Akanipigia kelele: “Unangoja nini! Mtoe!” Nikasimama pale nje ya magunia, Dada, na nakuambia ukweli, nilisimama. Gari linavuja na mimi nafikiri nthoni.

Nikavua shati, nikaingia, nikamfunika Mama uso kwa shati langu ili asinione na mimi nisimwone. Nikamshika. Ni mwepesi sana. Sikujua kwamba ni mwepesi hivyo. Nikatoka naye mikononi nikipita kwenye miiba, nikilia kama mtoto. Katikati ya njia akasema, kwa sauti yake ile ile ya kugombeza: “Kiema, ondoa hiki kitambaa. Nimekaa gizani chini ya magunia yako siku za kutosha. Nimwone anayenibeba.”

Aliniita jina langu. Sikuwa na mkono wa kuondoa shati, akaliondoa yeye. Akanitazama usoni, nami nimejaa makamasi na damu. Akasema: “Kumbe unafanana na babako.” Baadaye lori la mchanga likatokea na kuturudisha Kitui, ambako walimpiga picha ya mfupa na kumfunga plasta mpya.

Hilo ndilo lililonishinda kuandika. Breki ningeandika. Gari kulala ningeandika. Lakini nilimshika mama mkwe, tukatazamana, akaniona nikilia. Sokoni watu wanajua. Wazee wanasema nitoe mbuzi wa kuondoa aibu, nami sikatai, nimeshamchagua. Lakini Mama anasema hataonja nyama hiyo mpaka mimi nikae nile naye sinia moja. Nikisikia hivyo nakimbilia shambani, na shambani hakuna kazi.

Gari tumeliinua kwa ng'ombe. Bodi imebonyea lakini injini inawaka. Springi zako nimezitoa, kijiti nimekifungua. Plasta inatakiwa kutolewa tarehe kumi na saba Aprili. Tafadhali umtafutie Mama mtu mwingine wa kumpeleka. Nikishika usukani mguu unatetemeka wenyewe. Na yeye amesema waziwazi kwamba kama si mimi haendi, atabaki na plasta yake mpaka Yesu arudi. Mfupa ukikaa umefungwa muda mrefu, goti litakufa. Hebu mwandikie. Mimi hanisikii.

Kiema


Kambu
9 Aprili 1986

Ndugu yangu Kiema,

Nimepokea. Nilifunga mlango wa duka mchana, nikakaa chini kwenye magurudumu, nikalia mpaka Shee akabisha akidhani nimeumwa na nyoka. Halafu nikacheka peke yangu kwa sababu ya babako. Ni kweli unafanana naye.

Sasa nikuambie kwa nini siji nyumbani, maana nimekuficha na wewe hukunisukuma. Tangu Mutiso azikwe, ndugu zake wanangoja nilale nje ya duka hili usiku mmoja. Mmoja wao ana kufuli yake tayari, alinionyesha akicheka. Vyuma hivi ndivyo vinavyomsomesha Mutindi. Kwa hiyo nimekaa hapa, nikilinda giya boksi na redieta, na kukuandikia wewe jinsi ya kumtunza Mama yangu. Nilikusema kuhusu mahali pa mbuzi, kuhusu Biblia, kuhusu kengele. Mimi niliyetoka tumboni mwake sijamshika hata kidole tangu aanguke. Aliyembeba ni wewe, uliyekatazwa.

Sitamtafutia mtu mwingine, na sitamwandikia. Nitamwambia kwa mdomo. Nimemwachia Shee duka, na mzee wa kanisa atalala humo. Wakilichukua nikiwa huko, tutashtakiana nikirudi, lakini Mutindi ana nyanya mmoja tu.

Jumatatu nafika Zombe. Nakuja na viatu vya breki vipya vya magurudumu yote manne, na mafuta ya breki. Kijiti nitakifunga mwenyewe mahali pake, wewe utashika taa. Jumanne na Jumatano tutaushuka ule mteremko, mimi na wewe, gari tupu, halafu na mawe, tena na tena, mpaka mguu wako uache kutetemeka. Ukitaka kulia, lia, mimi ni dada yako.

Tafuta mtu amchinje huyo mbuzi Jumatano. Utakaa, utakula sinia moja na Mama, na macho yako yatakuwa wazi. Nitakuwa hapo nikuangalie.

Alhamisi utaendesha wewe. Mama atakaa mbele. Plasta ilale juu ya giya, na kila ukitaka kubadilisha giya utaunyanyua mguu wa mama mkwe wako, uuweke tena polepole. Nyuma nitakaa mimi.

Muthoki